Palizi Mbili, Viota Vitano: Kisa cha Shamba la Ekari Nane Magarini

Shamba tunalolichambua hapa ni la kielelezo, kwa hiyo usilitafute kwenye ramani wala usiulize ni la nani. Liweke kaskazini ya mto Sabaki, upande wa Marafa, pale mchanga mwekundu wa Magarini unapoanza kukutana na msitu wa Dakatcha. Lina ekari nane, takriban mita 180 kwa 180. Ekari tano ni mahindi na kunde pamoja, moja pojo, moja muhogo. Iliyobaki ni nyumba, zizi la mbuzi na mikorosho michache mikongwe. Mashariki inapita njia ya mifugo. Magharibi ni shamba la jirani lililolazwa misimu miwili, ambalo sasa ni nyasi za kiunoni na vichaka.

Katika masika moja, viota vitano vya ndege wanaotaga chini vinaonekana shambani humo na mpakani mwake: vitatu vya kanga, kimoja cha kwale, na kimoja cha kware, yule mdogo wa duara anayekuja na mvua, ambaye wengine humwita tombo. Kati ya vitano, makinda yaliyofika kuruka ni ya kware peke yake. Kwa nini kware aponee na wakubwa wake wapotee? Ukilijibu hilo umeshapata pa kushika.

Jibu la haraka la kila mtu ni mitego. Mitego ipo na tutaifikia, lakini humu iliua ndege mmoja. Vilivyofanya kazi kubwa ni jembe, panga na tarehe.

Msimu ulivyokwenda

Mbegu zilitiwa tarehe 5 Aprili, zikaota karibu tarehe 11. Palizi ya kwanza ilikwenda kutoka 30 Aprili hadi 4 Mei, ya pili kutoka 25 hadi 30 Mei. Majani ya kunde yalianza kuchumwa kwa mboga katikati ya Mei. Mahindi yalianza kuvunjwa tarehe 25 Julai na mabua yakafyekwa wiki ya kwanza ya Agosti. Ni kalenda ya kawaida kabisa. Wengi wa Magarini wataitambua kama yao, mvua ikiwa imekuja kwa wakati.

Kiota cha kware kilikuwa ndani ya pojo. Vibarua walipofika kwenye palizi ya pili walikuta makaka sita tu chini ya shina. Makaka hayo yanasomeka, na inafaa kila mwenye shamba ajue kuyasoma. Yai lililoanguliwa vizuri huwa limekatwa mviringo upande wa butu, kama kifuniko kilichofunguliwa, na utando wa ndani umekauka na kujitenga. Yai lililodonolewa na kunguru lina tundu la ubavuni lenye kingo zilizochongoka kwa ndani, mara nyingi ute umeganda pembeni. Nguchiro huacha vipande vipande. Kenge na nyoka hawaachi kitu: kiota kitupu, safi, kama hapakuwa na yai hata moja. Makaka ya kware yalikuwa ya vifuniko.

Kiota cha kwale kilikuwa kwenye ukingo wa mahindi, mayai matano. Tarehe 27 Mei kwale aliruka kwa kishindo mbele ya jembe. Kibarua alifanya jambo la huruma: alipalilia pande zote akaacha fungu la nyasi la hatua moja juu ya kiota. Baada ya siku mbili mayai yote yalikuwa na matundu ya ubavuni. Fungu moja la nyasi katikati ya udongo mtupu ni bendera. Kurabu, yule kunguru mgeni wa mwambao, akikaa juu ya mkorosho hahitaji kutafuta. Anaona mama akitoka na kuingia, basi.

Kanga wa kwanza alikuwa ndani kabisa ya mahindi, chini ya tuta la kunde lililotambaa. Alilalia mayai kumi na moja. Kanga akishaanza kulalia hukaa mpaka mguu umfikie karibu nusu mita. Rangi yake ya kijivu yenye nukta huchanganyika na kivuli cha majani kiasi kwamba mtu anaweza kumtazama asimwone. Jembe lilishuka kabla hajaruka. Mayai mawili yalivunjika. Gamba la yai la kanga ni gumu mno, rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai, na lina vitundu vidogo vyeusi kama vumbi la pilipili manga; likivunjika husikika. Tisa yaliyobaki yalikwenda nyumbani kutiwa chini ya kuku. Matatu yalianguliwa, makinda yakaishi siku nne.

Kanga wa pili alitaga Juni chini ya kichaka kati ya mahindi na mikorosho. Hakuna jembe lililomfikia. Lakini njia ya wachuma kunde ilipita hatua tatu kutoka kwenye kiota, mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara aliruka. Katika wiki ya pili ya kulalia alinaswa kwenye tanzi la mshipi wa nailoni lililotegwa kwenye upenyo wa ua, katika njia aliyokuwa akiitumia kwenda na kurudi.

Kanga wa tatu ndiye anayeumiza kichwa, kwa sababu alifanya kila kitu sawasawa. Alianza kutaga katikati ya Aprili kwenye shamba lililolazwa la jirani, hakuguswa, akatoa makinda tisa karibu tarehe 22 Mei, akayaleta kwenye ukingo wa mahindi kutafuta wadudu. Siku mbili kabla, mahindi hayo yalikuwa yamepigwa dawa ya viwavijeshi hadi mstari wa mwisho. Kufikia Juni mosi aliongozana na makinda mawili, na mwisho wa mwezi hapakuwa na hata moja. Mvua ya Mei nayo ina sehemu yake, maana kinda lililolowa na halijala halimalizi usiku. Lakini lililoshiba hustahimili baridi ambayo lenye njaa haliistahimili.

Hesabu ya siku

Kanga hutaga karibu yai moja kwa siku, ila siku moja moja hupita bila yai. Mayai kumi ni siku kumi na mbili hivi. Haanzi kulalia mpaka idadi itimie, kisha hulalia siku 24 hadi 28. Jumla ni siku 36 hadi 40 ambazo kipande hicho cha ardhi kisiguswe. Kwale mwenye mayai matano au sita anahitaji karibu mwezi mmoja. Kware anataga sita kwa siku sita, analalia siku 14 hadi 18: jumla siku 20 hadi 24.

Sasa rudi kwenye kalenda. Kati ya mwisho wa palizi ya kwanza na mwanzo wa ya pili kuna siku 21. Kware anaupenya mwanya huo, ama anaumaliza kwa siku moja mbili za bahati, hasa kwa kuwa makinda yake hutoka kiotani yakitembea saa chache baada ya kuanguliwa. Kwale anakamatwa akiwa wiki moja kabla ya kumaliza. Kanga anakamatwa katikati ya kulalia, wakati ambapo mama hataki kabisa kuondoka na kwa hiyo jembe linamkaribia mno. Kware hakuwa na ujanja wowote zaidi ya kuwa na haraka.

Mwanya wa pili, kutoka 30 Mei hadi 25 Julai, una siku 56. Huo unamtosha kanga, tena una kivuli na kinga. Kinachouharibu ni kunde, kwa kuwa mboga inachumwa humo kila wiki na mbwa anaongozana na mchumaji. Mahindi matupu yangekuwa kitalu kizuri kuliko mahindi na kunde, lakini hakuna mtu wa Pwani atakayeacha kunde kwa ajili ya kanga, na wala si busara kumshauri hivyo.

Wazee walisema kanga hazai ugenini. Maneno hayo yaliwalenga watu, lakini kwa ndege yanafaa pia kuyasikiliza: jike huchagua mahali anapopajua, penye kinga ile ile, na mahali pakifyekwa kila mwaka huja kutaga kwenye kinachofanana na kinga, yaani mazao yenyewe. Ndiyo maana kumwambia mkulima aangalie anapopalilia hakutoshi. Lazima awepo mahali pengine pa kutaga panapopendeza kuliko mahindi.

Lawama ya mkulima

Kabla ya kumwomba mwenye shamba chochote, mtu akubali kwamba kanga ni mwizi. Kundi la ishirini likishuka kwenye mahindi mapya hufuata mstari shimo kwa shimo na kuparua mbegu, na huendelea na miche hadi inapofikia karibu wiki mbili. Baada ya hapo hasara yake kwa mahindi ni ndogo sana, na faida huanza: hula mbegu za magugu, panzi, mchwa, kupe, na hasa vile viazi vidogo vya ndago ambavyo jembe haliwezi kuvimaliza.

Kwa hiyo kinachohitaji ulinzi ni wiki tatu, si mwaka mzima. Panda kwa kina cha sentimita tano, mbegu mbili kwa shimo, kisha kanyaga udongo kwa kisigino ili shimo lisionekane. Kanga huparua palipo laini. Anayetia mbegu kavu kabla ya mvua ajue kwamba mbegu yake italala wazi siku nyingi zaidi, na ulinzi wake utakuwa mrefu zaidi. Kuamia kuwe kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi na tena saa kumi hadi magharibi, saa ambazo kanga hula; mchana hukaa kivulini. Dungu moja katikati ya ekari tano, kijana na teo, inatosha. Majirani wakipanda wiki moja, kundi linagawanyika. Anayepanda peke yake mapema ndiye analisha kanga wa kijiji kizima.

Mbegu iliyomwagika juu ya ardhi izolewe au ifukiwe siku hiyo hiyo, maana mbegu ya dukani huwa imepakwa dawa. Na kuna wanaofikiria kutega chambo cha sumu. Kenya imekwisha kushuhudia ndege wakiuawa kwa wingi kwa kabofurani, dawa ya wadudu iliyotumiwa kama sumu ya kuwindia na nyama yake ikauzwa kwa watu. Hilo halina mjadala.

Ukanda

Dawa kuu ya shamba hili ni ukanda wa nyasi usioguswa upande wa magharibi, ushikane na shamba lililolazwa. Upana mita sita, urefu mita 180 za mpaka: mita za mraba 1,080. Pale kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, ambapo kuna kichuguu na mahindi hayafanyi vizuri, ongeza kipande cha mita 20 kwa 20. Jumla ni mita za mraba 1,480, kama theluthi moja ya ekari na kidogo. Shamba likitoa magunia manane kwa ekari, hasara ya juu kabisa ni magunia matatu, na kwa sababu ardhi iliyochaguliwa ni mbaya, kwa kweli ni pungufu ya hapo. Magunia matatu si mzaha kwenye nyumba yenye watoto sita. Asiyeweza kutoa hayo aanze na kipande cha pembeni peke yake.

Kwa nini mita sita upande mmoja na si mita moja na nusu pande zote nne? Kwa sababu nguchiro na paka hutembea kwa kufuata mistari. Ukanda mwembamba ni njia yao: wanaupitia mwanzo hadi mwisho kwa pua na hawakosi kitu. Kwenye upana wanalazimika kutafuta. Jumla ya ardhi ingekuwa ile ile, ila ungekuwa umetengeneza mtego.

Uingereza wamelipitia jambo hili kwa uchungu. Kwale wao wa kijivu amepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1970, na uchunguzi ulioanzishwa Sussex mwaka 1968 ulionyesha kwamba makinda yalikuwa yanakufa njaa: dawa ya magugu ilikuwa imeua magugu, na wadudu waliokula magugu wakatoweka nayo. Walijibu kwa kuacha mita sita za ukingo wa ngano bila dawa, na kwa kuinua matuta ya nyasi katikati ya mashamba, upana mita mbili na kimo kama sentimita 40, ili mbawakawa wapate pa kukaa. Tuta lile halina maana Magarini, maana mchanga wetu hautuami maji na jembe la mkono halihitaji njia ya trekta. Ukingo usiopigwa dawa una maana kubwa.

Kwa hapa: mistari minane ya mwisho karibu na ukanda isipigwe dawa. Kwa nafasi ya sentimita 75 hiyo ni mita sita. Viwavijeshi vamizi, ambao wametukalia tangu 2017, wadhibitiwe hapo kwa mkono: kagua mara mbili kwa wiki, ponda mafungu ya mayai chini ya majani, tia mchanga au jivu kwenye moyo wa mhindi. Kwengineko, kagua mimea ishirini ishirini katika sehemu tano, na usishike bomba la dawa kama iliyoshambuliwa haifiki ishirini kati ya mia. Kichuguu kiachwe. Kinda la kanga lenye siku tatu halimezi punje ya mahindi, ila mchwa linammeza.

Ukanda usiachwe ukawa msitu. Kila mwisho wa Februari, kabla ya mvua na kabla ya mayai, fyeka nusu yake kwa kimo cha goti, usichome, na mwaka ufuatao fyeka nusu nyingine. Mti usipandwe humo. Mkilifi, yaani mwarobaini, ndio usikaribishwe kabisa, kwanza kwa sababu mbegu zake hujisambaza hadi msituni, pili kwa sababu mti mrefu ni kiti cha kurabu.

Siku ya palizi, siku ya kufyeka

Vibarua wanalipwa kwa ngwe. Hapo ndipo mipango mingi mizuri inapofia: anayesimama kwa ajili ya kiota anajipunja mwenyewe. Makubaliano yawe kabla jembe halijainuliwa, kwamba duara lililoachwa linahesabiwa kama limelimwa. Maneno ya mwenye shamba yawe mepesi: "Jamani, ukiona mayai acha hatua tano kila upande, nenda mbele, ngwe yako haipungui."

Hatua tano, si moja. Fungu la kibarua wetu mwenye huruma lingekuwa na kipenyo cha hatua kumi na lingeungana na mstari wa kunde usiopaliliwa, pengine kwale angepona. Alama isiwekwe kiotani. Piga fundo kwenye jani la mhindi hatua kumi kutoka hapo, hesabu mistari, na ukumbuke. Usiende kuchungulia kila jioni. Nyayo zako ni njia ya nguchiro, na ukienda lazima upite moja kwa moja, usiishie kiotani na kugeuka. Mama aliyeruka kwa kawaida hurudi watu wakiondoka, mradi waondoke kweli. Rudi baada ya wiki nne, usome makaka.

Usiwape watu pesa kwa kila kiota wanachokuonyesha. Inaonekana kama ukarimu, lakini itawatuma watoto kupekua kila kichaka, na viota vitakavyoachwa kwa kusumbuliwa vitazidi vilivyookolewa.

Kufyeka mabua na nyasi kuna kanuni moja: anza katikati, nenda nje. Desturi ni kuanzia mpakani na kuzunguka kwa ndani, hadi kinabaki kisiwa cha hatua kumi kilichojaa kwale, makinda, sungura na nyoka, na vijana wamesimama na fimbo. Ndege wa chini hapendi kuvuka uwanja mtupu. Hurudi nyuma mpaka pasiwe na nyuma. Ukianza katikati unamsukuma kuelekea kwenye ukanda. Huko Scotland, kukata majani kutoka ndani kwenda nje na kuchelewesha ukataji kulisaidia kumrudisha ndege mmoja wa nyasi aliyekuwa anakaribia kutoweka, ndege ambaye kila mwaka husafiri kuja Afrika. Panga lilelile, kazi ileile, mwendo tu umegeuzwa.

Kuvunja mahindi hakuna madhara makubwa. Mabua yaliyosimama yaachwe wiki tatu zaidi kama mbuzi wana malisho mengine. Mbuzi wakiingizwa mapema, kwato zinamaliza kilichobaki.

Na moto. Anayechoma Februari au Machi achome mafungu, si uwanja, na fungu lililokaa zaidi ya siku mbili alihamishe kwanza kwa uma, maana limeshakuwa nyumba ya mtu. Kaskazi bado inavuma miezi hiyo. Washa upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo na walio ndani wapate pa kukimbilia. Kuacha mabua yaoze juu ya udongo ni bora zaidi, ila anayesema hakuna kero anadanganya: mchwa wataongezeka na mguu peku utahitaji tahadhari.

Mitego, mbwa, kurabu

Kanga hutembea, kuruka ni kwa dharura. Mtegaji anajua hivyo, ndiyo maana anaweka uzio mfupi wa miiba wenye mapenyo, na tanzi kwenye kila upenyo. Pitia ua alfajiri, hasa upande wa maji, Aprili hadi Julai. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu uwindaji wa kitoweo, hata ndani ya shamba lako, na kufuga kanga kunahitaji leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mayai tisa yaliyotiwa chini ya kuku yalikuwa kosa kisheria na pia kazi bure: kuku huyapeleka makinda ya kanga kwenye pumba, si kwenye mchwa, na kideri cha kuku kinawangoja hapo hapo.

Mbwa afungwe usiku na asifuatane na wachuma kunde. Njia ya kuchumia iwe moja, iliyo mbali na ukanda.

Kurabu ni tatizo lisilomalizwa na shamba moja. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, akaonekana Mombasa 1947, na sasa ameujaa mwambao. Juni 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa sumu maalumu inayoshikwa na wenye kibali tu. Mkulima asijaribu yake. Analoweza ni kumnyima sababu ya kuja: matumbo ya samaki na kuku yafukiwe, jalala lifunikwe, na kiota chake juu ya mkorosho kibomolewe kabla hakijawa na makinda.

Ambacho ukanda hauwezi

Kipimanjia wa Sokoke, ndege mdogo wa ardhini ambaye yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini, huishi chini ya miti, juu ya majani makavu ya msitu, katika Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Ukanda wa nyasi ni kitu kigeni kwake. Mrihi ukikatwa kwa makaa, au kipande kikisafishwa kwa mananasi, hakuna mita sita zitakazomrudisha. Kipimanjia wa Malindi naye ni wa nyanda za nyasi fupi zinazofurika msimu wa mvua. Anahitaji zisilimwe, na zisiachwe zikaota vichaka. Mwenye shamba lililopakana na msitu akitaka kuwasaidia ndege hao, mchango wake mkubwa ni kutosogeza mpaka wake.

Kupima

Aprili hadi Juni, kila Jumamosi alfajiri, simama mahali pawili palepale dakika kumi kila mahali, na hesabu sehemu kwale wanakolilia. Julai hesabu makundi ya kanga: wakubwa wangapi, wadogo wangapi. Wakubwa wengi bila wadogo, tatizo ni viota au chakula cha makinda. Rudi kwenye palizi na bomba la dawa. Wakubwa wachache wenye wadogo wengi, tatizo ni tanzi. Rudi kwenye ua. Katika kisa chetu Julai ilikuwa na wakubwa kumi na wanne na hakuna mdogo hata mmoja.

Msimu wa kwanza ukanda hautakuwa na kiota, kwa kuwa nyasi ni changa. Hapo ndipo wengi huulima. Vuli ikianza Oktoba, nyasi zitakuwa zimefika kiunoni. Pitia ukingoni tu, usiingie, na angalia kama kuna vijishimo vya vumbi ambamo kanga wameoga.